Sukari ya magunzi Lubumbashi: piga hesabu ya maji kwanza

Wengi wanaotaka kutoa zailosi kwenye magunzi ya mahindi huuliza kwanza bei ya asidi ya salfa (sulfuriki). Zailosi ndiyo malighafi ya zailitoli, ile sukari ya kwenye chingamu na dawa ya meno. Hapa kwetu asidi si shida, viwanda vya shaba vinaitumia kila siku. Kinachokula pesa, na kinachokula msitu, ni maji.

Chukua magunzi makavu kilo 100. Karibu theluthi yake ni zailani, ambayo ikipikwa na asidi huvunjika kuwa zailosi. Ukipika vizuri utapata kama kilo 25. Lakini ukifuata kipimo cha maabara, maji mara kumi ya uzito wa magunzi, utakuwa na lita 1,000 zenye sukari asilimia 2.5 tu. Ili ufikie shira ya asilimia 50, lazima lita 950 ziende hewani. Kila kilo ya maji inayochemka inataka megajuli 2.26 ili igeuke mvuke. Kwenye sufuria ya wazi, ambako theluthi tu ya moto ndiyo inaingia kwenye maji, hizo ni zaidi ya kilo 220 za makaa. Kwa tanuru za udongo, makaa hayo yamekula zaidi ya tani moja ya miti ya miombo. Yote hayo kwa kilo 25 za sukari! Hapo ni heri magunzi yabaki shambani.

Basi punguza maji hadi mara nne. Vunja magunzi yawe vipande vya milimita chache, vinginevyo maji hayo hayatayafikia yote. Ukishapika, kamua kwa mashine, kisha suuza makapi, na maji ya kusuuzia yawe ndiyo ya kupikia mzigo unaofuata. Maji ya kuondoa yanashuka hadi lita 350 hivi. Tumia vyombo viwili vya kukaushia, mvuke wa cha kwanza upashe moto cha pili kilichonyonywa hewa, nawe utatumia karibu nusu ya kuni. Makapi yanayobaki, kama kilo 60, yakianikwa kiangazi yana moto wa kutosha kuendesha boila nzuri bila makaa. Yasuuzwe kweli: asidi iliyobaki inatoboa boila na kutoa moshi wa salfa.

Asidi asilimia 1, nyuzi 121, saa moja: anzia hapo. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo geji ikionyesha bar 1 umefika nyuzi 118 tu. Ipandishe hadi 1.2. Ukizidisha muda au joto, zailosi inaanza kugeuka furfurali, yenye harufu kama ya lozi, na shira inakuwa nyeusi. Furfurali hiyo inaua hamira utakayotumia baadaye kugeuza zailosi kuwa zailitoli. (Hamira ya mkate, kwa vyovyote, haili zailosi.) Chuma cha kawaida kinaliwa upesi sana na asidi ya moto, na hata inoksi (chuma kisichoshika kutu) haidumu. Kwa majaribio, weka chupa za kioo zinazostahimili joto ndani ya sufuria ya presha, vifuniko vikiwa vimelegezwa.

Usichukue asidi ya migodini kwa chakula bila kuipima: ile inayotokana na moshi wa kuyeyusha madini inaweza kuwa na arseniki na risasi. Vivyo hivyo magunzi ya mashamba yaliyo chini ya moshi wa viwanda.

Kuua asidi, wengi hukimbilia chokaa. Mimi nashauri unga wa mawe ya chokaa yasiyochomwa, kama yale ya Kakontwe, Likasi. Kilo moja ya asidi inataka kilo moja ya unga, na unga huo hauwezi kuipandisha pH kupita kiasi; chokaa ikizidi, sukari inaharibika kwenye moto. Unaepuka pia kuni za kuchomea mawe. Mimina polepole, kwa sababu hutoa povu jingi. Kila kilo ya asidi itakuachia karibu kilo 1.75 za jasi, uwe na mahali pa kuiweka kabla hujaanza. Sehemu ya jasi hubaki imeyeyuka, kama gramu 2 kwa lita, na maji yakipungua inaganda kwenye mabomba ya kukaushia. Panga kuyasafisha mapema, kabla hayajaziba.

Nunua magunzi yaliyorundikana kwenye sehemu za kupukuchulia na uache mabua shambani yarutubishe udongo. Uliza pia kama familia jirani hupikia magunzi hayo. Ukiwanyang'anya watanunua makaa, na hasara ya msitu imerudi.

Mwisho, usiamini Brix pekee, yaani kipimo cha sukari kinachosomwa kwenye kioo. Kipimo hicho kinahesabu pia chumvi na asidi ya siki inayotoka kwenye magunzi yenyewe, kwa hiyo 50 kwenye kioo si sukari 50. Peleka sampuli maabara kabla ya kumpa mnunuzi bei.