Usitume hiyo laki tisa na sitini

Usitume. Kama umeshaandika kiasi na bado namba ya siri, futa sasa hivi.

Nimesoma ulichoandika: mnatoka Kasulu mwezi ujao, wewe, mkeo na watoto wawili, mnataka kulala siku nne kwenye hoteli ya ufukweni Dar yenye kasino ndani, na wakala amekupa ofa ya 960,000 ambayo "nusu inarudi kwa chipsi" za kasino. Ukauliza pia treni au ndege, watoto wataruhusiwa wapi, na Kariakoo uanzie mtaa gani kununua vitenge. Nilipofika kwenye hiyo "nusu inarudi" niliacha dagaa nusu hawajachambuliwa, nikanawa mikono, nikaja kuandika. Ni maneno yaleyale, kwa bei ileile, niliyoambiwa mimi mwaka 2024.

Mimi ni mama wa dagaa, nanunulia mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Mwaka ule Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mwalo ukawa kimya, mitumbwi imepandishwa, taa za kuvulia zimewekwa ndani. Mtaji wangu ulikuwa umelala kwenye simu unasubiri Agosti. Hapo ndipo kijana mmoja pale Mwanga, anajiita wakala wa utalii, akanifuata na picha. Bwawa la buluu, vitanda vyeupe, bahari hadi mwisho wa macho. "Mama, ziwa limefungwa, na wewe pumzika. Chumba cha 240,000 utalala kwa nusu bei. Lipa siku nne zote, halafu kasino wanakurudishia 480,000 kwa chipsi. Unazipeleka dirishani, unachukua pesa yako."

Nikalipa yote. Kwa simu, kwa namba yake yeye, nikiwa nimekaa Kigoma, na chumba sijakiona.

Tukafika Dar. Chumba sitakieleza sana. Kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo usiku kucha, dirisha linatazama jenereta, bwawa limetolewa maji "linakarabatiwa", na godoro lina bonde katikati ambamo mimi na mume wangu tulikuwa tunakutana bila miadi. Nimelala gesti za Uvinza na Kasulu za bei ya kawaida kabisa na shuka zake zilikuwa kavu, kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia sijazoea hoteli. Ila lililoniuma zaidi lilikuwa ubaoni pale mapokezi: chumba kilekile, 120,000 kwa usiku. Siku nne ni 480,000. Ile "nusu bei" ndiyo bei yenyewe, na ile nusu nyingine niliyoilipa juu yake ndiyo nilikuwa nimenunulia chipsi.

Sasa sikiliza habari ya chipsi, kwa sababu ndipo pesa ilipozama. Ni visahani vidogo vya plastiki vinavyotumika mezani badala ya noti. Nilipewa 48, kila kimoja elfu kumi. Nikaenda nazo dirishani moja kwa moja, hata soda sijanywa. Dada wa pale akakichukua kimoja, akakigeuza chini ya taa, akanionyesha mstari mweupe ukingoni. "Mama, hizi za ofa ni za kuchezea tu. Hazibadilishwi."

Chipsi ya kawaida unaibadilisha pesa muda wowote. Ya ofa lazima uiweke mezani. Ukikosa, imekwenda. Ukishinda, unalipwa ile faida kwa chipsi ya kawaida, lakini ya ofa yenyewe wanaichukua vilevile. Ruleti ya pale, lile gurudumu la kigololi, ina nafasi 37: 18 nyekundu, 18 nyeusi na sifuri moja ya kijani. Ukiweka kwenye nyekundu, katika mizunguko 37 unatarajia kushinda 18, na kila ushindi faida yake ni elfu kumi. Kwa hiyo chipsi ya ofa iliyoandikwa elfu kumi, kwa wastani inakuletea kama 4,865. Zote 48 ni kama 233,000. Mimi nilizinunua kwa 480,000. Hata ningekuwa na bahati ya kawaida tu, zaidi ya nusu ya pesa ile ilishaondoka siku niliyobonyeza simu.

Hesabu hiyo nilikuja kupigiwa baadaye na mpwa wangu kwa kalamu na karatasi. Usiku ule sikuijua. Nilikaa, nikaweka moja moja kwenye nyekundu. Kigololi kinazunguka, kinagonga gonga, kinatulia. Jirani yangu akaninong'oneza kwamba nyeusi imetoka mara nne, sasa lazima ije nyekundu. Uongo mtupu. Kigololi hakijui kilitua wapi mara iliyopita, kila mzunguko ni mpya. Katika 48 nilishinda 21. Nikawa na 210,000 ya kweli mkononi. Mume wangu akanigusa bega: "Mama watoto, inatosha, twende." Mimi kichwani nilikuwa nadai 270,000 iliyobaki, naona kama ni deni langu pale mezani. Nikaendelea. Ile 210,000 ikaisha, nikaenda nje kwa wakala wa pesa nikatoa 150,000 nyingine kwenye mtaji, nayo ikaenda.

Asubuhi tulitaka kuondoka. Tukaomba turudishiwe siku tatu ambazo hatujalala. Mapokezi wakasema ofa hairudishwi na risiti yangu sina. Kweli sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni ujumbe wa muamala kwenda kwa mtu binafsi. Nikampigia yule kijana: "Mama, mimi nauza ofa tu, mambo ya ndani waulize wenyewe." Ndicho kinachonichoma hadi leo. Alijua. Mtu anayeuza kitu hicho kila wiki anajua mstari mweupe ni nini. Alinikuta mama wa watu nimekaa miezi miwili bila kazi, akanihesabia faida kwa sauti ya mtoto anayenijali, akachukua kamisheni yake. Ziwa lilipofunguliwa 15 Agosti, wenzangu walishuka Kibirizi na pesa, mimi nilishuka kukopa.

Mdogo wangu, pale mwaloni hakuna anayenunua gunia kwa kuangalia dagaa wa juu. Unatia mkono hadi katikati, kwa sababu wabichi na mchanga hufichwa katikati. Chumba nacho ni hivyohivyo. Fika kwanza. Omba uonyeshwe chumba, fungua maji, washa kiyoyozi ukae dakika kumi, vua viatu ulale kitandani. Soma bei ubaoni. Kisha lipa usiku mmoja, kwa hoteli yenyewe, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina lao. Ukiridhika, kesho yake lipa mwingine. Wakikataa kulipwa usiku mmoja mmoja, jirani yao hakosi chumba. Hoteli nzuri haina sababu ya kuogopa kwamba utaondoka asubuhi.

Na ukisikia neno chipsi, krediti, bonasi, au "pesa yako inarudi", uliza jambo moja tu, tena uandikiwe: naweza kuibadilisha dirishani leo bila kucheza? Jibu likianza na "mama" au "kaka" badala ya ndiyo au hapana, funga simu.

Watoto: aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kasino kwa sheria. Kwa hiyo hiyo nusu ya ofa yako mnaitumia vipi? Mmoja wenu atabaki chumbani na watoto jioni, mwingine atakaa mezani peke yake usiku, bila mtu wa kumgusa bega. Mimi nilikuwa naye wa kunigusa na bado sikusikia.

Hebu fungua tena ile picha ya bwawa aliyokutumia. Tazama kona ya kulia, karibu na ngazi. Kuna mwavuli wa njano uliochanika upande mmoja? Kama upo, ni ileile aliyonitumia mimi.