Kirikuu usiikodi, mkazamwana

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, mke wa mtu, naishi Mtwara mjini kwa mama mkwe na watoto wetu wawili. Mume wangu anafanya kazi Dar, anakuja baada ya miezi miwili mitatu. Tangu baba mkwe afariki, mama hatupi kitu: makopo, chupa, madumu yaliyopasuka, magunia ya korosho, magazeti, mabati, nguo za marehemu. Chumba cha nyuma hakifunguki, na pale tungeweza kupangisha wanafunzi wawili wa chuo. Panya wamejaa, mtoto mdogo anakohoa. Niliwahi kutupa mfuko wa vifuniko vya chupa, usiku akatoka na tochi kuvitafuta jalalani, akaninunia wiki nzima. Majirani nao wanaanza kusema mambo yao. Mwezi ujao anakwenda Newala kwenye arobaini ya ndugu yake. Nimeshaongea na vijana wenye kirikuu wabebe vyote, nipake rangi, nitie mpangaji. Mume wangu kasema "fanya unavyoona". Nitakuwa nimekosea? – Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu. Utakuwa umekosea, tena sana.

Pole kwa panya na pole kwa kikohozi cha mtoto. Kuishi hivyo kunachosha, na najua anayefagia ni wewe. Lakini barua yako nimeisoma taratibu. Mtoto umemtaja mara moja, na hukusema kama umempeleka hospitali. Mpangaji umemtaja mara mbili. Nyumba unasema mwenyewe ni "kwa mama mkwe", ila kodi ya chumba umeshaipigia hesabu. Na siku uliyoichagua ni siku ambayo mwenye nyumba yuko msibani. Mwenye nia safi hangoji mwenzake aende kulia ndiyo amfungulie chumba.

Sasa ile tochi. Mwanamke mzima, mjane, anatoka usiku peke yake, anainama jalalani, anachambua maganda ya mihogo na majivu ya watu akitafuta vifuniko vya chupa. Wewe umekiandika kama kituko. Mimi nimeona mtu mwenye maumivu makubwa, na ndani ya nyumba ile hakuna aliyemuuliza, "Mama, unatafuta nini?" Alivyokununia alikuwa na haki.

Hospitalini hali hii inajulikana: ugonjwa wa kulimbikiza vitu. Madaktari wa akili wa Marekani waliupa nafasi yake kwenye mwongozo wao mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Dalili mara nyingi huanza ujanani, huongezeka umri unavyosogea, na kufiwa huweza kuzizidisha. Mtu huyu hapendi uchafu. Kinachomshinda ni kuachia. Kopo anaona litafaa kesho, shati anamwona mwenyewe aliyelivaa. Sisemi mama mkwe wako anaumwa hivyo, hilo ni la daktari kusema. Ila wanaofanya kazi ya kusafisha nyumba za namna hii wanajua kitu kimoja: ukimsombea mtu vitu kwa nguvu au kwa kumvizia, mara nyingi nyumba hujaa tena, na yeye huenda asikuamini tena.

Halafu mkumbuke ni mtu wa lini. Kama mwanawe ni mtu mzima mwenye watoto, basi miaka ya mwanzo ya 1980 yeye alikuwa msichana au mke kijana. Sabuni, sukari na khanga vilikuwa vya foleni, na dumu tupu lilikuwa mali. Muulize akusimulie. Sisemi dhiki ile ndiyo iliyomfikisha hapa, lakini ukimsikiliza hutaliita dumu lake takataka mbele yake.

Majirani umewagusa ukapita haraka, na mimi najua wanasema nini. Mama mjane, chumba kisichofunguka, chupa, nguo za marehemu. Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa maneno ya uchawi yaliyoanza hivyo hivyo barazani. Siku kirikuu itakapoegeshwa mlangoni, vijana wakatoa matambara na chupa mtaa mzima ukitazama, wewe mkazamwana utakuwa umewapa ushahidi waliokuwa wanautafuta. Akija mtu na maneno hayo mwambie mama ana majonzi, mkatishe hapo hapo. Akiendelea, mpelekee habari mwenyekiti wa mtaa.

Tuje kwenye panya, maana hapo una haki kabisa na siwezi kukuambia uvumilie. Julai 2022 hapo Ruangwa, mkoa wa Lindi, watu waliripotiwa kuugua homa, kuumwa kichwa, kuchoka na kutokwa damu puani. Wagonjwa walifika 20 na watatu wakafa kabla Serikali haijatangaza kwamba ni homa ya mgunda. Vimelea vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na huingia mwilini kwa mchubuko, macho, pua au mdomo. Sasa hao vijana wako wa kirikuu ungewaingiza mle na kandambili na singlendi, wakumbate magunia yaliyolowa mkojo wa panya kwa mikono mitupu. Wangeumwa, na wewe ungesema ni malaria.

Kazi hii ina utaratibu wake. Milango na madirisha yafunguliwe nusu saa au zaidi kabla ya mtu kuingia. Watoto wapelekwe kwa jirani. Kila anayeingia avae mabuti, glavu nene, barakoa na nguo ya mikono mirefu, kwa sababu humo mna misumari na mabati yenye kutu, na pepopunda haina huruma. Nge na nyoka nao hupenda mahali kama hapo. Mavi ya panya hayafagiwi makavu, vumbi lake ndilo linaloingia kifuani. Yalowanishe kwa jiki, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, subiri kama dakika kumi, pangusa kwa tambara, funga kwenye mfuko. Jiki usiichanganye na dawa ya choo hata tone, inatoa hewa ya sumu. Vitu vitolewe kuanzia juu, ukivuta gunia la chini mzigo unakuangukia. Na kabla ya chochote, safisheni njia ya kutokea mlangoni. Nyumba iliyojaa magazeti na magunia, koroboi moja ikianguka hamtoki.

Nyie ni watu wa korosho, kwa hiyo tazameni kama kuna mifuko ya zamani ya salfa na chupa za dawa za kupulizia mikorosho. Msichome. Salfa ikiungua moshi wake unakaba koo. Msimwage mtaroni pia. Iwekeni kando, mumuulize bwana shamba.

Sasa nani atoe nini? Mama mwenyewe. Akae kwenye kiti pale mlangoni, kila kitu kipite mikononi mwake, aseme: hiki kibaki, hiki apewe fulani, hiki kitoke. Anzeni na vilivyooza na vilivyotafunwa na panya, ambavyo hata yeye havimtii uchungu. Saa moja au mbili kwa siku zinatosha. Akichoka mnaacha hata kama umebaki na hamu. Magazeti yafunuliwe moja moja na mifuko ya makoti ya marehemu ipekuliwe. Humo ndimo wazee wetu huweka stakabadhi za AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, karatasi za kiwanja na pesa. Ungeipakia hati ya nyumba kwenye kirikuu ukaipeleka dampo, halafu ukae na wifi zako uwaelezeje?

Nguo za baba mkwe ziwe za mwisho, na wewe usiziguse. Kwa desturi zetu nguo za marehemu hugawanywa kwa ndugu, kila mmoja akapewa kumbukumbu yake. Nani alikaa na huyu mama wakati huo? Mwanawe alirudi Dar, mabinti wakarudi kwa waume zao, akabaki na rundo la mashati na mke wa mtoto anayewaza kupangisha.

Na mumeo naye hajasalimika. "Fanya unavyoona" ni jibu la mtu aliyeikimbia kazi yake. Ndoa za siku hizi mwanamume anatuma pesa kwa simu, anaona ameshamlea mama yake, mke anabaki kuwa mtoto wa kiume, nesi na mlinzi. Kisha mke akichoka akaharibu, mume ndiye wa kwanza kusema "umemdhalilisha mama yangu". Wanawake mnakubali mzigo huu mkidhani mtasifiwa. Msiukubali. Mama ni wake, maamuzi ya chumba cha baba yake ayabebe kwa miguu yake. Nawe ukumbuke una watoto: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wakwe zako wanakuja.

Mtoto mpeleke hospitali ya Ligula wiki hii, kikohozi hakingoji rangi ya ukuta. Ukiwa hapo uliza utaratibu wa kumwona mtaalamu wa afya ya akili, na mama akikubali aende akifuatana na mwanawe, kwa hiari yake. Afisa ustawi wa jamii wa manispaa naye mfuateni.

Leo hii mpigie mumeo, usimtumie ujumbe, aombe ruhusa kazini kwa wiki ambayo mama atarudi kutoka Newala. Vijana wa kirikuu waambie wasubiri mpaka mama mwenyewe awaite. Na makopo na mabati atakayokubali yatoke yapimwe na mnunuzi wa vyuma chakavu mbele yake, pesa apewe yeye mkononi.