Haidrojeni peroksaidi na chembe za fedha

Ndugu, umeuliza kwa nini maji ya fedha (maji yenye chembe ndogo za madini ya fedha, ambayo watu wengine huyanywa kama dawa) uliyotengeneza nyumbani kwa umeme wa betri yalipoteza rangi ya manjano baada ya kutiwa matone ya haidrojeni peroksaidi kutoka duka la dawa la hapa Nairobi, na kama hiyo ni dalili kwamba yamesafika. Hayajasafika. Rangi hiyo hutokana na chembe ndogo mno za fedha, ambazo hufyonza mwanga wa urujuani, wenye urefu wa mawimbi wa takribani nanomita 400, na mwanga unaosalia huonekana wa manjano. Peroksaidi inapozifikia huzinyang'anya elektroni, na fedha iliyokuwa chembe huyeyuka ikawa ayoni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, zisizo na rangi. Fedha yote ingali mumo humo chupani. Wakati huohuo chembe zilizosalia huchochea peroksaidi ivunjike kuwa maji na oksijeni, na ndiyo sababu ya viputo. Mwelekeo wa mabadiliko hutegemea pia hali ya maji yenyewe, kwa kuwa katika maji yenye alkali peroksaidi hiyohiyo yaweza kurudisha ayoni kuwa chembe.

Nakusihi sana usiyanywe: mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua kwamba dawa zenye fedha ya aina hii zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliwi kuwa salama wala zenye kufaa, na fedha ikilimbikizana mwilini hugeuza ngozi kuwa ya kijivu au samawati, hali ambayo kwa kawaida haiondoki.