Nyama ya kusaga iliyoyeyuka ikaganda tena

SWALI: Habari daktari. Hapa Arua umeme ulikatika Jumamosi jioni, ukarudi Jumatatu asubuhi. Nilikuwa na kilo tatu za nyama ya kusaga kwenye friza iliyojaa nusu. Sasa imeganda tena na hainuki. Jirani anasema barafu huua vijidudu, niioshe kwa ndimu na kuichemsha sana. Tule? – Mama wa watoto watatu

JIBU: Msile, mama. Itupe, na najua kilo tatu si pesa ndogo. Friza iliyojaa pomoni na isiyofunguliwa hushika baridi saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Yako imepita 30. Tazama chini ya mfuko: ukikuta maji mekundu yameganda kama kigae, ujue nyama ililainika kabla umeme haujarudi.

Hilo la barafu kuua vijidudu nalisikia kila wiki, na linanichosha kwa sababu linaumiza watu. Barafu haiui bakteria, inawalaza tu. Nyama ikiyeyuka wanaamka na kuzaana. Ikiganda tena wanalala wakiwa wengi kuliko mwanzo. Isitoshe, hiyo ni nyama ya kusaga. Kwenye pande zima uchafu hukaa juu, moto ukaufikia upesi. Mashine huuchanganya mpaka ndani. Ndimu hubadilisha harufu, basi. Na kuchemsha? Wapo bakteria wanaoacha sumu isiyoharibika hata sufuria itokote saa nzima, na pua haiwezi kuinusa.

Ingekuwa bado ina chembe za barafu ndani, ningekwambia uipike siku hiyohiyo. Kwa hiyo, ili siku nyingine ujue kama imeyeyuka, gandisha kikombe cha maji, weka juu yake sarafu ya shilingi 500, ukiache humo kwenye friza. Ukirudi safari ukaikuta sarafu imezama chini, barafu iliyeyuka yote hata kama sasa ni ngumu kama jiwe. Nyama utakayonunua tena ifunge nusu nusu kilo, iwe bapa, igande upesi kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na uimalize ndani ya miezi mitatu au minne.

Ushauri wa jirani una ndugu yake dukani. Mtoto akila nyama kama hii akaanza kuhara damu, atatokea wa kukuuzia vidonge vya kufunga tumbo. Usinunue. Vidonge hivyo huweza kuizuia sumu tumboni na kumzidishia mtoto ugonjwa. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, ukimnywesha maji ya chumvichumvi (ORS) njiani.