Majirani wamepata mbolea ya ruzuku, mimi bado

Dada, unasema majirani zako wa Trans Nzoia, hapa Kenya, wametumiwa ujumbe wa mbolea, nawe uliandikishwa ila simu kimya. Kwanza, usingoje pesa. Ruzuku hii hailetwi mkononi, hupunguza bei tu: tangu Agosti 2023 mfuko wa kilo 50 umekuwa shilingi 2,500 badala ya 3,500, nao ujumbe ndio unaokufungulia mlango wa ghala la nafaka.

Sasa, umetaja kwamba ulibadilisha laini mwaka jana. Hapo ndipo ninaposhuku. Ujumbe huenda kwenye namba uliyoandikishwa nayo, na pengine unasomwa na mtu mwingine saa hii! Nenda kwa chifu na kitambulisho, mwombe akusomee namba na ekari zilizoandikwa. Mimi ekari zangu mbili ziliingizwa nusu ekari. Karani kachoka, basi. Nilirudi mara tatu wakasahihisha.

Ukipata, lipa kwa simu, si taslimu kwa kijana anayezungukazunguka getini. Na mshono wa mfuko uukague kabla hujaupakia kwenye boda. Ya 2024, ya mbolea bandia, hatujayasahau.