Maua ya mezani Desemba
Dada uliyeuliza uweke maua gani mezani baridi hii ya Uingereza, mi nakwambia chukua amarilisi, yale maua makubwa yenye umbo la tarumbeta, rangi nyekundu iliyokolea, mashina matatu tu yanatosha kabisa, changanya na matawi ya mkaratusi yale majani yake ya kijivujivu, aisee inapendeza mno. Nunua yakiwa bado matumba, rangi ndo imeanza kuchungulia. Shina lake lina uwazi ndani kama bomba na kichwa ni kizito, so chomeka kijiti ndani lisipinde, ligeuze ulijaze maji halafu ziba na pamba. Mawaridi ya Naivasha, Kenya, pia yapo supamaketi huko, nayapenda sana, ila usiyaweke karibu na hita, yatanyauka haraka. Maji badilisha kila siku mbili.