Serikali isitununulie mabasi, itudhamini mkopo

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: je, ni sawa serikali itumie pesa za walipa kodi kuleta mabasi ya umeme, au iwaachie wafanyabiashara wenyewe? Mimi ninaweka hesabu za sacco moja ya matatu, yaani chama cha wenye mabasi ya abiria, hapa Nairobi. Risiti za dizeli, karatasi za mikopo na faini za barabarani zinapita mikononi mwangu kila siku, kwa hiyo jibu langu linatoka kwenye daftari. Ndiyo, pesa za umma zitumike, tena haraka. Ila zisinunue basi hata moja.

Nianze na risiti. Basi la viti 33 likipata kilomita nne au tano kwa lita katika foleni ya Jogoo Road, mwenyewe anashukuru Mungu. Oktoba 2023 lita ya dizeli Nairobi ilifika shilingi 205 na senti 47. Piga hesabu: ni zaidi ya shilingi 40 kwa kilomita, hujalipa dereva, makanga, bima wala tairi. Dizeli ilishuka baadaye, lakini haikuwa rahisi. Basi la umeme hutumia takriban uniti moja ya stima kwa kilomita, na Aprili 2023 mamlaka ya kawi, EPRA, iliweka bei maalum ya kuchaji magari: shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida, na 8 saa za usiku ambapo matumizi yako chini. Tozo nyingine huongezwa juu yake, lakini hata ukizijumlisha zote bado hujaikaribia dizeli. Sehemu kubwa ya stima yetu inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana na upepo wa Turkana. Usiku watu wakilala, mvuke mwingine huachiliwa tu hewani kwa kukosa mnunuzi. Basi linalochaji saa nane za usiku linatumia kitu ambacho kingepotea, na halituombi dola za kuagiza mafuta ng'ambo.

Kama hesabu ni nzuri hivyo, mbona Tom Mboya Street bado inanuka moshi? Kwa sababu shida iko kwenye bei ya kununua, na hasa kwenye riba.

Mama mmoja mwanachama wetu, mwenye magari mawili, alikuja ofisini na bei ya basi la umeme tukakaa nayo mezani. Matumizi ya kila siku yalimfurahisha. Tukafika kwenye mkopo. Benki ilikuwa imemuuliza swali moja ambalo hakuwa na jibu lake: ukishindwa kulipa, basi hili tukilipiga mnada atalinunua nani? Basi la dizeli lina soko la mitumba kutoka hapa hadi Kisii, na kila fundi anajua kulifungua. La umeme bado halina historia. Kwa hiyo benki ilitaka amana kubwa zaidi, na muda wa kulipa ukawa mfupi. Huo ulikuwa mwaka 2024, wakati wastani wa riba za benki ulipita asilimia 16. Mama aliangalia safu ya malipo ya kila mwezi, akakunja karatasi zake, akaenda kuchukua chesisi ya dizeli kama kawaida na kuipeleka kwa mafundi wa bodi. Gari hilo litakuwa barabarani kwa miaka mingi.

Kampuni ya BasiGo, iliyoanza na mabasi mawili ya majaribio hapa Nairobi Machi 2022, iliikabili shida hiyo kwa kugawanya bei. Mwenye gari analipia basi lisilo na betri, kisha anatozwa kwa kila kilomita, na ndani ya malipo hayo mna betri, chaji na matengenezo. Ni mpango mzuri na ninauheshimu. Lakini mzigo haujatoweka, umehamia kwa kampuni, ambayo nayo lazima itafute mtaji wa kununua betri zote hizo kabla kilomita hazijalipwa.

Hapo ndipo pesa ya umma inafaa kuingia. Kenya ilianzisha mpango wa dhamana ya mikopo kwa biashara ndogo mwaka 2020, kwa hiyo njia ipo. Ukichukua bilioni moja ukanunua mabasi, yakiisha yameisha. Bilioni hiyo hiyo ikiwekwa kubeba sehemu ya hasara ya mkopaji anayeshindwa, itasimamia mikopo mikubwa mara kadhaa kuliko yenyewe, maana wakopaji wengi hulipa. Benki itapata jibu la swali lake, na riba itashuka kwa sababu hatari imepungua.

Wasomaji wenye umri wangu wanajua kwa nini sitaki serikali ishike usukani. Nyayo Bus, kampuni ya mabasi ya serikali, ilianza mwaka 1986 ikiwa na magari mazuri, nauli nafuu na vijana wa NYS, huduma ya vijana kwa taifa, wakifanya kazi ya ukondakta. Katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imekufa. Pesa za kuleta magari zilipatikana. Pesa za vipuri na usimamizi wa kila siku ndizo zilizokosekana. Wafadhili wanapenda kukata utepe mbele ya basi jipya, na hakuna anayekata utepe mbele ya breki mpya.

Dakar walifanya tofauti. Serikali ya Senegal ilikopa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ikajenga njia maalum ya mabasi ya kilomita 18.3 na stesheni zake. Mabasi 121, yote ya umeme, yakaletwa na kampuni yenye mkataba wa kuyaendesha, ambamo mfuko wa uwekezaji wa serikali una hisa asilimia 30. Abiria walianza kupanda Mei 2024. Sisi Thika Road tulipakwa mstari mwekundu wa njia ya mabasi mwaka 2018, tukaanza kujenga vituo vya BRT, yaani mabasi ya mwendo kasi, tukasimama.

Jambo la pili la kulipia ni transfoma. Nenda usiku uone matatu za Nairobi zinalala wapi: vituo vya mafuta, viwanja vya kukodi Kayole na Kangemi, kando ya barabara penye mlinzi mmoja na moto wa makaa. Kiwanja tunachokodi sisi kina mita moja tu ya stima, inayowasha taa mbili na kuchaji simu ya mlinzi. Mabasi kumi yakitaka kuchaji pale kwa pamoja, lazima iletwe transfoma na laini mpya, na anayetangulia kuomba ndiye anayebebeshwa gharama ambayo watakaomfuata wataifaidi. Hata Shenzhen kule China, iliyofikisha zaidi ya mabasi 16,000 ya umeme mwishoni mwa 2017 kwa ruzuku nono ya serikali kuu na ya mji, ilisumbuka kupata ardhi ya kuchajia. Kaunti ya Nairobi ina ardhi. Itenge viwanja vitano au sita mwisho wa njia kuu, serikali ifikishe stima ya kutosha, kila sacco ichaji na kulipa kwa uniti.

La tatu halihitaji hata shilingi moja: sheria itulie. Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka mabasi ya umeme kwenye kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya kiwango sifuri, yaani anayeyaunda hapa nchini, Mombasa au Thika, anaweza kudai arudishiwe VAT aliyolipia vifaa. Muswada wa 2024 ukataka kuyatoa humo. Ulianguka Juni pamoja na mengine yote, baada ya damu ya vijana walioandamana kumwagika barabarani. Muswada wa 2025 ukaja na pendekezo la kuyahamishia kwenye orodha ya bidhaa zilizosamehewa VAT. Mtu anayesikia "kusamehewa" anadhani ni afueni, kumbe hapo muundaji hawezi tena kudai kurudishiwa, na gharama hiyo anaiongeza kwenye bei ya basi. Mkopo wa basi ni wa miaka minne au mitano. Nani atautia sahihi ikiwa kila Juni kanuni zinajadiliwa upya? Wapitishe kiwango kimoja cha miaka kumi, hata kikiwa si kizuri sana.

Na pesa za umma zije na masharti. Mvua ikianza saa kumi na moja jioni nauli ya 50 inaruka hadi 100, na moshi ukiisha tabia hiyo haitaisha yenyewe. Atakayepata dhamana atie sahihi nauli isiyobadilika kwa mvua, na mshahara wa mwezi kwa dereva na makanga badala ya hesabu ya siku, yaani kiasi ambacho lazima wampelekee mwenye gari kila jioni. Hili la mshahara si huruma tu. Dereva anayekimbiza hesabu hawezi kusimama nusu saa kuchaji mchana, atalisukuma basi hadi betri iishe Mombasa Road.

Kuna hoja moja ya wapinzani ninayoikubali. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli au dizeli inabeba shilingi 25 za matengenezo ya barabara. Basi la umeme halilipi hata senti, na linakanyaga lami ile ile. Haliwezi kusamehewa milele. Kilomita zake tayari zinahesabika kwa mtambo, kwa hiyo kutoza kwa kilomita ni rahisi. Niko tayari kuitetea tozo hiyo mbele ya wanachama wetu, na najua watanipigia kelele, mradi ianze kutozwa kwa kila basi pale tu mkopo wake wa kwanza unapokwisha kulipwa.